Kabla ya kuuliza inchi ngapi, angalia mguu wa monita

Ukiingia duka la kompyuta Mtwara mjini au Lindi, swali la kwanza la mnunuzi ni moja tu: inchi ngapi? Muuzaji naye hujibu hapohapo, kwa kuwa bei hupanda na inchi. Swali hilo, kwa maoni yangu, limeumiza shingo na macho ya watu wengi kuliko ubovu wa vioo vyenyewe. Yupo karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayeingiza kilo za korosho msimu wa mnada, yupo mwenye steshenari anayejaza fomu za watu tangu asubuhi, yupo mhasibu wa kampuni ya bandarini. Hawa hukaa mbele ya kompyuta saa nane mpaka kumi kwa siku. Mtu wa namna hiyo aanze na mguu: monita hii inapanda na kushuka?

Monita nyingi mpya za bei nafuu zina mguu usiopanda. Unaweza kuinamisha kioo mbele au nyuma kidogo, basi. Ukingo wa juu wa monita ya inchi 24 yenye mguu wa aina hiyo hukaa sentimita 40 hivi juu ya meza, ilhali macho ya mtu mrefu aliyenyoosha mgongo yanaweza kufika sentimita 50. Hizo sentimita 10 zinalipwa na shingo kutwa nzima. Kinachotakiwa ni ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na kioo kiwe umbali wa sentimita 50 hadi 70, yaani mkono ulionyooshwa. Kama umeshanunua yenye mguu mfupi, rimu mbili za karatasi za A4 zina unene wa sentimita 10 hivi. Ziweke chini ya mguu leo hii.

Rimu zinapandisha lakini hazishushi, na wapo wanaohitaji kushusha. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anayevaa miwani yenye sehemu ya kusomea chini hulazimika kuinua kidevu ili aone maandishi kupitia sehemu hiyo. Jioni anaumwa kisogo na analaumu kiti. Huyo ashushe kioo sentimita kadhaa na kukilaza nyuma zaidi, au apimiwe miwani ya umbali wa kompyuta peke yake. Ndiyo maana mguu unaopanda na kushuka nauweka mbele ya kila kitu. Usipoupata, geuza monita uangalie mgongoni kama kuna matundu manne ya VESA, yaani ya skrubu za kufungia monita kwa kipimo kinachotumiwa na kampuni nyingi, yaliyoachana milimita 100 au 75 pande zote. Yakiwepo, siku yoyote unaweza kufunga mkono wa chuma wa kushikilia monita. Monita isiyo na mguu wa kupanda wala matundu hayo, iache dukani.

Sasa inchi. Inchi peke yake haikuongezei hata mstari mmoja wa jedwali. Monita ya inchi 24 ya Full HD ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1080, na ya inchi 27 ya Full HD ina hizohizo, ila zimenyooshwa: pikseli moja inatoka milimita 0.28 hadi 0.31. Herufi zinakuwa kubwa na kingo zake zinaanza kuonekana kama ngazi. Ukitaka inchi 27, iwe ya pikseli 2560 kwa 1440. Vinginevyo baki kwenye 24. Kwa kazi ya majedwali mimi napendelea 24 zenye pikseli 1920 kwa 1200, ambazo hupatikana kwenye mitumba ya ofisi. Pikseli 120 za ziada kwenda chini ni mistari sita zaidi ya Excel kwa ukubwa wake wa kawaida, na kwa karani anayeshuka orodha ya wakulima mia tatu, hiyo si kidogo.

Na televisheni? Ofisi nyingi zimeweka TV ya inchi 32 mezani kwa hesabu kwamba ni kubwa na bei yake inakaribiana na ya monita. Tafadhali msifanye hivyo. TV nyingi za bei ndogo za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa milimita 0.52, karibu mara mbili ya ile ya monita ya inchi 24, na mistari inayoonekana ni michache kuliko ya monita ya inchi 22. Isitoshe, TV nyingi hupunguza taarifa za rangi zinazoingia kwa waya wa HDMI. Kwenye filamu hutaona tofauti, lakini herufi nyekundu juu ya rangi ya bluu zinavuja kama wino kwenye karatasi mbichi. Nyingine hukata kingo za picha, unabaki kuutafuta upau wa chini wa Windows. Kama ndiyo uliyonayo kwa sasa, ingia kwenye menyu, chagua picha ionekane nzima bila kukatwa, shusha ukali wa picha, kisha isogeze mbali, zaidi ya mita moja.

Jambo linalochosha macho bila mtu kulijua ni mwanga wa nyuma. Monita kadhaa, hasa za zamani, hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Jicho halioni, lakini baadhi ya watu huumwa kichwa. Upimaji wake ni rahisi. Mwombe muuzaji aiwashe, fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza hadi 20 kati ya 100, kisha pitisha kalamu haraka mbele ya kioo kama unayepepea. Ukiona kivuli kimoja laini cha kalamu, mwanga umetulia. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana, mwanga unakatika. Pima kwa mwangaza mdogo, kwa sababu kwenye 100 kasoro hii mara nyingi hujificha. Ukiwa hapohapo, iache iwake dakika 20. Mistari ya wima na weusi wa pembeni kwenye mitumba hupenda kujitokeza kioo kikishapata moto.

Aina ya kioo nisiizungushe: chukua IPS. TN hubadilika rangi ukiitazama kutoka chini au pembeni, na steshenari ni mahali ambapo mteja anachungulia begani kwako asome jina lake kama limeandikwa sawa. Uso wa kioo uwe wa kufifisha mng'ao, usiwe unaong'aa kama kioo cha kabati.

Huku kwetu bahari iko mashariki, hivyo jua la asubuhi linaingia kali, na milango huachwa wazi kwa ajili ya upepo. Dirisha likiwa mgongoni, linaonekana ndani ya kioo. Likiwa mbele yako, macho yanapambana na mianga miwili. Geuza meza dirisha liwe ubavuni. Mwangaza wa kandela 250 kwa mita mraba, unaoandikwa cd/m² kwenye boksi, unatosha ndani. Kwa chumba kilicho wazi tafuta 300 au zaidi. Namna ya kuupanga: shika karatasi nyeupe kando ya kioo. Kioo kikiwaka kuliko karatasi kama taa, shusha. Kikiwa cha kijivu, pandisha. Rudia mchana na usiku, maana kipimo cha saa saba mchana kitakuchoma saa mbili usiku.

Feni nayo ina lawama yake. Mtu akikodolea kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na feni ikimpuliza usoni macho yanakauka, kisha anadai monita ni mbovu. Ielekeze mgongoni au kifuani, na kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu sikushauri kuilipia. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida.

Kwa bajeti ndogo, mtumba wa ofisi wa inchi 24 unaushinda mpya wa inchi 27 wa bei hiyohiyo. Dell P2419H na HP E243, kwa mfano, ni IPS na miguu yake hupanda na kushuka. Unganisha kwa waya wa HDMI au DisplayPort, uache wa VGA, ambao hufanya herufi ziwe na ukungu. Soma kibandiko cha nyuma kionyeshe volti 100 hadi 240, na ubadilishe waya uliokuja na plagi ya nje upate wa pini tatu za mraba. Adapta za kubahatisha kwenye soketi hulegea na kutoa cheche.

Ukiagiza Kariakoo, mzigo utasafiri karibu kilomita 560 hadi Mtwara, ndani ya buti la basi pamoja na magunia. Mguu ung'olewe, kioo kifunikwe kwa boksi gumu, na monita isafiri ikiwa wima, kamwe isilazwe. Skrubu za VESA zifungwe kwenye mfuko na kubandikwa mgongoni mwa monita. Ni M4 zenye urefu wa milimita 10 hivi. Ukizikosa, usikubali fundi akufungie ndefu zilizopo, kwani ncha yake inaweza kupenya hadi kwenye bodi ya ndani.