Masta Mkononi, Ukumbi Mtupu

Juni 2021 mwimbaji wa Uingereza, Raye, aliandika Twitter jambo ambalo wasanii wengi huishia kulisema chumbani: yuko kwenye lebo kubwa tangu 2014, mkataba ni wa albamu nne, na hajaruhusiwa kutoa hata moja. Haukupita muda akaachana na lebo hiyo, Polydor. Albamu yake ya kwanza ilitoka Februari 2023 akiwa msanii wa kujitegemea, na Machi 2024 akaondoka kwenye tuzo za Brit, tuzo kubwa za muziki za Uingereza, akiwa na tuzo sita za usiku mmoja, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake.

Tangu hapo kisa hicho kimegeuka ushahidi wa mahakamani. Chipukizi akiuliza asaini lebo au ajitegemee, mtu atamtaja Raye na mjadala utafungwa. Mimi naona kisa chenyewe kinasomwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba kazi yake ilipita kwa msambazaji, yaani kampuni inayofikisha nyimbo kwenye majukwaa na madukani, aitwaye Human Re Sources, ambaye Sony, mmoja wa wakubwa wa muziki duniani, walikuwa wameshamnunua mwaka 2020. Na ile miaka saba ya lebo, pamoja na uchungu wake wote, ilimkutanisha na watunzi, maprodyuza na watu wa redio ambao chipukizi anayerekodia chumbani hana hata namba zao. Raye hakuanza sifuri. Alianza akiwa na hasira, na simu imejaa namba za watu wa maana.

Wengine wanaotajwa kwenye mjadala huu nao ukiwachungulia utakuta hadithi ni ileile. Macklemore na Ryan Lewis, rapa na prodyuza wa Marekani, walitoa albamu yao wenyewe mwaka 2012 na mwaka 2014 wakabeba Grammy nne, lakini usambazaji ulipitia ADA, mkono wa Warner, mkubwa mwingine wa muziki, na walipotaka redio waliwalipa watu wa Warner hao hao wawasukumie nyimbo. Chance the Rapper alikataa lebo zote, ila mwaka 2016 alipokea dola 500,000 kutoka Apple ili kazi yake ipatikane kwao peke yao kwa wiki mbili.

Siwatajii haya kuwaumbua. Kinyume chake, hapo ndipo ujanja wao ulipo. Hakuna aliyefanya kila kitu peke yake. Walikodi misuli ya wakubwa kwa muda, wakalipia, muda ukaisha, na mali ikabaki kwao. Mjadala wetu umekwama kwenye kuchagua kati ya kujitegemea na kusaini, wakati swali lenye maana ni lingine: unakodi au unauza?

Mali yenyewe ina sehemu mbili, na nimekuta wasanii wa miaka kumi kazini wanaozichanganya. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi. Huo ni wa aliyetunga. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mtaani tunaiita masta. Hiyo huwa ya aliyegharamia kurekodi au yeyote aliyetajwa kwenye mkataba. Wimbo wako ukirudiwa na mwimbaji mwingine, unalipwa kwa utunzi lakini masta ni yake. Ndiyo maana Taylor Swift, masta za albamu zake sita za mwanzo zilipouzwa mwaka 2019 kwa mtu asiyemtaka, aliweza kurudi studio na kuanza kuzirekodi upya: utunzi alikuwa nao, masta hakuwa nazo. Zile za zamani alizinunua mwaka 2025. Si kila mtu ana fedha za kurudi nyuma namna hiyo.

Sasa tuiweke lebo mezani kwa haki. Chukua karatasi. Lebo inakupa 100,000 za kuanzia, sarafu yoyote unayotaka, na mkataba unasema fungu lako katika mapato ya rekodi ni asilimia 20. Wengi hudhani wimbo ukishaingiza 100,000 deni limekwisha. Halijaisha. Deni linakatwa kwenye fungu lako tu, kwa hiyo wimbo lazima uingize 500,000 ndipo uione senti yako ya kwanza ya mrabaha, yaani fungu lako la mapato ya wimbo. Siku hiyo lebo imesharudisha 100,000 zake na ina 400,000 nyingine mfukoni. Video, promo na nauli za ziara navyo, kwa sehemu au vyote, huandikwa kwenye deni lilelile, ndiyo maana msanii anaweza kusikika kila kona na bado kwenye daftari la lebo anadaiwa. Na akimaliza kulipa, kwenye mikataba ya namna ya zamani, masta haihamii kwake. Amelipa shamba, hati imebaki kwa aliyemkopesha.

Ukiishia hapo utaona lebo ni jambazi, na wengi huishia hapo. Lakini zile 100,000, kwa kawaida, hazirudishwi wimbo ukibuma. Hakuna atakayekuja kuchukua gitaa lako. Benki haikopeshi hivyo, na mjomba wako pia hakopeshi hivyo. Lebo inabeba wasanii, tuseme kumi, ikijua wengi hawatatoboa, na yule mmoja anayetoboa ndiye anayewalipia wenzake. Mtu akikuambia fungu lao ni kubwa mno, muulize nani alilipa bili za wale tisa tusiowajua majina. Msanii wa kujitegemea wimbo wake ukibuma, hasara ni yake peke yake, na mara nyingi ni akiba ya mwaka mzima iliyoyeyuka kwenye video moja.

Kuna na suala la kelele. Mwaka 2022 wakuu wa makampuni makubwa ya muziki walikuwa wakitaja nyimbo 100,000 zinazopakiwa kila siku kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, kama Spotify. Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa zikitimia sekunde 30. Ukijitolea kusikiliza sekunde 30 tu za kila wimbo uliopakiwa jana, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya karibu siku 35. Huo ndio msongamano anaouingia kijana aliyeambiwa kwamba mlango uko wazi. Uko wazi kweli: CD Baby walianza mwaka 1998 kwa kuwauzia wasanii wa kujitegemea CD zao mtandaoni, na hasa tangu msambazaji DistroKid aje mwaka 2013, mtu yeyote anaweza kufikisha wimbo wake kwenye majukwaa yote kwa ada ndogo. Ila mlango ukiwa wazi kwa wote, kupita mlangoni hakukupi chochote. Na tangu mwaka 2024, wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kabisa kwenye mgawo wa mrabaha wa rekodi pale Spotify.

Hata uhuru wenyewe una bosi. Jukwaa hilohilo lina mpango, uliotangazwa mwaka 2020, unaomruhusu msanii kukubali mrabaha mdogo ili algoriti, programu inayowachagulia wasikilizaji nyimbo, iupendekeze wimbo wake zaidi. Ukiusoma vizuri unaona sura unayoifahamu: toa fungu, upate kusikika. Tofauti ni kwamba huyu bosi hana ofisi ya kumfuata.

Nina rafiki, mpiga gitaa na mtunzi, ambaye namfuatilia kwa karibu kwa sababu studio yake ni chumba anachonikaribisha chai. Siku nne kabla ya kuachia wimbo wake wa tatu nilimkuta hagusi gitaa. Kava ilikuwa imekataliwa na msambazaji kwa sababu aliandika namba ya simu pembeni, jambo ambalo majukwaa hayaruhusu. Alikuwa anaijaza fomu upya: nani ametunga, nani ametayarisha, nani anamiliki rekodi. Hapo kwenye nani ametunga akakwama. Mpiga besi alikuwa ametoa kile kipande cha mwanzo kinachonasa sikio, na hawakuwahi kuandikiana asilimia. Walipigiana simu saa nzima. Kisha alitakiwa aupendekeze wimbo kwa wahariri wa orodha za nyimbo, kazi inayotakiwa kufanyika angalau siku saba kabla ya kuachia. Tayari zilibaki nne. Kisha vipande vya video fupi. Usiku wa manane aliniambia amekaa siku kumi na moja bila kutunga mstari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahubiri wa uhuru. Wanahesabu asilimia na hawahesabu usiku. Ukibaki na mapato yote lakini ukawa meneja, mhasibu, mpiga picha na mwanasheria wako mwenyewe, kuna mtu umemfukuza kazi, naye ni mwanamuziki.

Wimbo ule, kwa bahati, uliingia kwenye orodha ya nyimbo za utulivu, zile watu wanazowasha wakitafuta usingizi. Namba zikapanda kila asubuhi, naye akapanda nazo. Akakodi ukumbi. Nilikuwepo. Tulikuwa kumi na wanne, na watano kati yetu walikuwa ndugu zake. Baada ya shoo, akikunja nyaya, akaniambia, "Kaka, maelfu wamelala na wimbo wangu, hakuna aliyeamka kununua tiketi."

Kauli ile imenisaidia kuelewa promo kuliko mafunzo yote niliyosoma. Kusikika na kuwa na mashabiki ni vitu viwili. Orodha ya nyimbo inakupa masikio yasiyokujua jina. Kiki nayo inakupa watu wanaokujua jina na hawaujui wimbo. Ukigombana na mtu mtandaoni watakuja kuangalia ugomvi, na ugomvi ukiisha wataondoka nao. Wala usiguswe na wale wanaokutumia ujumbe siku ya pili tu baada ya kuachia ngoma, wakikuahidi wasikilizaji elfu kumi kwa bei ya soda. Hao ni roboti. Tangu mwaka 2024 Spotify huwatoza faini wasambazaji kwa nyimbo zilizojaa wasikilizaji bandia, na mzigo huo unaweza kukushukia wewe, au wimbo ukaondolewa. Septemba mwaka huohuo waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mtu wa North Carolina kwa kutumia nyimbo zilizotengenezwa na akili bandia na jeshi la roboti kujikusanyia zaidi ya dola milioni 10 za mrabaha. Fedha hizo hazikutoka hewani: majukwaa mengi hukusanya mapato kwenye chungu kimoja na kugawa kwa uwiano wa kusikilizwa, kwa hiyo kila kijiko cha roboti kimetoka kwenye sahani ya mwanamuziki.

Kinachofanya kazi ni cha polepole, na si cha kujivunia kwenye picha. Mwimbaji wa Marekani, Amanda Palmer, alipoomba mashabiki wamchangie albamu mwaka 2012, karibu watu 25,000 walimpa karibu dola milioni 1.2. Gawanya, utapata kama dola 48 kwa mtu. Watu hao hakuwaokota siku ile. Alikuwa amewakusanya kwa miaka, kwenye shoo, kwa barua pepe, kwa kukaa baada ya onyesho hadi wa mwisho asalimiwe. Hapa pia niseme ukweli wote: sehemu ya miaka hiyo alikuwa chini ya lebo, na lebo ilimfikisha kwenye kumbi ambazo peke yake angezichelewa. Lakini alipoondoka, uhusiano na watu wale ulikuwa wake. Lebo haikuwa nao.

Msimamo wangu basi ni huu, na najua kuna watakaoukataa. Kitu cha kwanza cha kulinda ni njia ya kumfikia msikilizaji bila kumwomba mtu ruhusa: anwani zao, si idadi ya wafuasi. Cha pili ni masta. Cha tatu ni saa zako za kutunga, na hizi hulindwa kwa kutoa fedha: mlipe mtu wa kujaza fomu na kukata video, hata kwa fungu dogo la mapato ya mwaka mmoja, kabla ya kufikiria kununua kamera. Lebo ikija, isikilize. Mkataba wa leseni, ambapo wanaitumia masta kwa miaka kadhaa kisha inarudi kwako, ni ukodishaji, na unaweza kuwa mzuri kuliko uhuru wa kujichosha. Kuna pia waimbaji ambao biashara inawaua kabisa, wakifungua jedwali la hesabu wanaumwa. Hao sioni aibu wakiuza sehemu ili wabaki na sauti. Ninachowasihi ni kwamba wasiuze kabla hawajawa na mashabiki hata mia mbili wanaowajua, maana mtu asiye na kitu mezani husaini anachopewa.

Rafiki yangu sasa anaweka daftari mlangoni kila shoo, na kalamu mbili kwa sababu moja huibiwa. Anaandika barua moja kwa mwezi kwa waliomo. Yeye na mpiga besi wana karatasi yao yenye asilimia, imesainiwa. Ukumbi uleule mara ya mwisho haukujaa, ila viti vya nyuma vilikuwa na watu nisiowafahamu. Mwezi uliopita lebo moja ilimtumia mkataba wa kurasa ishirini na mbili. Alinipigia akiwa ukurasa wa tisa, penye neno "daima". Amewarudishia na swali moja la maandishi, ni miaka mingapi, na mpaka naandika haya hawajajibu. Yeye yuko chumbani anatunga.