Nyanyua Kidogo, Halafu Sukuma

Si tumesema mlango huu wa gari unanyanyuliwa kwanza? Usibamize! Nyanyua kwa huku nyuma, sukuma kwa paja, halafu achia. Hapana. Sasa umebamiza.

Basi, yaishe. Sisi wenye magari yaliyokula chumvi ni watu wa subira na heshima zetu. Ila mlango unaohitaji maelezo kama dawa ya maji, tikisa kwanza kabla ya kutumia, huo si mlango tena, ni mtihani, na kila abiria mgeni anaufeli hadharani. Akishabamiza mara tatu na mlango bado unaning'inia kama mdomo wa mzee aliyepitiwa na usingizi, anamgeukia mwenye gari kwa uso wa rambirambi: “Kitasa chako kimekufa.”

Kitasa! Maskini ya Mungu, kitasa kimekosa nini? Kimekaa palepale kilipofungwa siku ya kwanza, kinangoja kukutana na kile kichuma cha kwenye nguzo ambacho kazi yake ni kuumwa. Mlango ndio unaofika kwenye miadi umeshuka. Kosa liko upande wa pili kabisa, kwenye bawaba, ambazo hakuna anayezikumbuka kwa sababu hazina taa, hazipigi honi, na zinapolia tunawasha redio.

Hebu tufanye hesabu, maana watu hudhani tunatia chumvi. Bawaba ya juu na ya chini, tuseme zimeachana sentimita 40. Kutoka bawabani hadi kitasani, tuseme mita 1. Bawaba ya juu ikilika milimita 1 tu, mkia wa mlango, yaani upande wa kitasa, unashuka milimita 2 na nusu. Ikilika milimita 2, umeshuka 5. Na lile pengo kati ya mlango na bodi kwenye magari mengi ni milimita 4 au 5. Kwa hiyo milimita 2 za uzembe zinatosha kuufanya mlango ukwangue kizingiti, rangi itoke, kutu iingie, halafu tuseme gari ni la nuksi.

Na nani aliyezila hizo milimita? Vumbi likichanganyika na mafuta yaliyokauka linakuwa msasa, na msasa huo unasugua pini ya bawaba kila mlango unapofunguliwa. Juu yake ongeza uzito wa mlango wenyewe, kilo 20 na kitu pamoja na kioo na mashine yake, kisha ongeza mtu mzima anayeshuka huku ameukumbatia kama nguzo ya msikiti. Na yule anayesimama nje, mlango uko wazi, ameegemeza viwiko viwili juu ya dirisha, anaaga. Anaaga nusu saa! Bawaba ya juu inavutwa itoke, ya chini inakandamizwa iingie, yeye anasema “haya bwana, wasalimie” kwa mara ya sita.

Kabla hujashika spana, pima. Fungua mlango hadi katikati, ili kitasa kisiusaidie, shika chini ya mkia wake, nyanyua na ushushe. Usiutazame mkono wako, tazama bawaba. Pini ikicheza ndani ya tundu lake, hiyo ni pini na bushi, kile kibomba chembamba pini inamozungukia. Bawaba nzima ikihama juu ya bodi, ni bolti zimelegea. Kaza, ushukuru, uende zako. Lakini bati la nguzo inayobeba bawaba likipumua, linaingia na kutoka kama kifua cha mgonjwa, hapo hakuna bushi itakayokusaidia. Nguzo imepasuka au imeliwa na kutu kwa ndani, na anayehitajika ni fundi bodi mwenye mashine ya kuchomelea. Kung'oa pini ili kutibu nguzo ni kumpasua mgonjwa goti kwa sababu anakohoa.

Wapo mafundi wa mkato. Mmoja anashusha kile kichuma cha kwenye nguzo ili kiufuate mlango ulikoangukia; mlango unafunga wiki mbili, halafu nao unashuka zaidi, kinashushwa tena, mwisho mpira wa juu haugusi bodi na mvua inaingia bila kubisha hodi. Mwingine anaweka kipande cha ubao kwenye bawaba ya chini na kuufunga mlango kwa nguvu. Unanyanyuka kweli! Umenyanyuka kwa sababu bawaba imepinda. Chuma kilicholika hakijarudi, sasa una bawaba iliyolika na kupinda.

Haya, tufanye kazi ya watu wazima. Tenganisha betri kama mlango una nyaya, chomoa plagi zake, ondoa ule mkono unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi. Kama bawaba zako zina springi nene ya kuushika mlango ukiwa wazi, vaa miwani ya kazi na uibane kwa kifaa chake kabla ya kuitoa. Springi hiyo ikiruka haichagui jicho. Chora mstari kuzunguka kila bawaba inayofungwa kwa bolti, juu ya bodi na juu ya mlango. Mstari huo ndio ramani ya kurudia nyumbani. Weka jeki chini ya mlango, ubao juu ya jeki, blanketi kuukuu juu ya ubao. Pandisha mpaka jeki ibebe uzito tu, isiunyanyue.

Kisha mwite shemeji.

Shemeji ni kifaa muhimu. Jeki inabeba mlango, ila haiuzuii kuanguka ubavu, kwa hiyo lazima awepo binadamu wa kuusimamisha. Kazi yake ni moja: shika, usitikise. Shemeji anakubali kwa moyo mkunjufu, anashika, na papo hapo anakuwa mshauri wa ufundi.

“Si upige kutoka juu?”

Huwezi kupiga tu kutoka juu kwa sababu ndiko uliko mkono wako. Pini ina kichwa, na chini kidogo ya kichwa ina meno yanayouma kwenye kipande kimoja cha bawaba ili isizunguke. Inapigwa kutoka kwenye mkia kuelekea kichwani. Na pini ya juu na ya chini si lazima zitazame upande mmoja: katika magari mengine moja inatolewa kwa kupigwa kwenda juu na nyingine kwenda chini, kwa hiyo lala chali, tazama kwa tochi, toa kibanio cha mkiani kama kipo, ndipo uchukue nyundo. Mafuta ya kulegeza kutu ulishayatia jana usiku, na asubuhi ukarudia. Hukutia? Funga mlango, muage shemeji, mkutane kesho.

Sasa Mheshimiwa Pini. Amekaa madarakani miaka 30, hajawahi kuulizwa swali, na ghafla watu wawili wanamtaka ajiuzulu. Unamwekea chuma cha kusukumia, chembamba kuliko yeye kwa milimita 1, kifupi kwanza kwa sababu kirefu kinapinda. Unagonga. Hatikisiki. Unagonga zaidi. Anatikisika yeye? Linatikisika gari zima. Bati la nguzo linameza nguvu yako yote kama godoro. Hapa ndipo watu wengi wanaponunua nyundo kubwa, na hapa ndipo wanapoharibu. Kinachotakiwa ni chuma kizito cha pili, nyundo ya kilo 2 inatosha, kishikwe kikigusa bawaba upande wa pili ili pigo liishie kwenye pini, lisizame kwenye bati.

Ashike nani? Shemeji ana mikono miwili na yote iko mlangoni. Anatoa mmoja. Mlango unayumba. “Usitikise!” “Sijatikisa, upepo.” Unagonga, ameshika nyundo yake kwa mbali, anaogopa vidole. “Igusishe!” “Imegusa!” Haijagusa. Unagonga tena, mkia wa pini unaanza kutanuka kama uyoga, na sasa hata ikitaka kutoka haitapita kwenye tundu. Sisi ni watu wenye heshima zetu, hatutukani mbele ya mashemeji. Tunanyamaza, tunafuta jasho, tunamwambia kwa upole kwamba amefanya vizuri sana. Mungu anajua.

Pini iliyofanya uyoga haigongwi tena. Piga tupa kwanza zile kingo za uyoga mpaka pini irudi unene wake, ujaribu mara moja ya mwisho. Ikigoma, toa msumeno wa chuma, uchomoe wembe wake kwenye fremu, uuvike kitambaa upande wa kushikia, uupitishe kwenye mwanya kati ya vipande viwili vya bawaba, na uikate pini katikati. Inachosha, inachubua vidole, inachukua muda ambao shemeji anautumia kukusimulia gari la mtu aliyekata tamaa akaliuza. Lakini vikishakuwa vipande viwili, kiburi kinakwisha. Kila kipande kinagongwa kivyake. Moto wa gesi uuache: pale jirani kuna rangi, mpira, nyaya na sponji ya viti, na vyote hivyo vinasubiri kisingizio.

Imetoka! Na shemeji, kwa furaha, anaachia mlango apige makofi.

(Kwa bahati jeki iliushika. Ndiyo maana tuliweka blanketi.)

Bushi kuukuu zinatoka kwa kuzipasua kwa wembe uleule na kuzikunja kwa ndani. Kabla ya kuzitupa, tazama ukingo wake ulielekea wapi, kwa sababu ndio uliokuwa unatenganisha vyuma viwili visisagane. Bushi mpya usizigonge kwa nyundo, zinajikunja kama karatasi. Chukua bolti ndefu, nati na washa mbili, ipitishe bolti ndani ya bushi na tundu, kaza nati taratibu, bushi itaingia yenyewe imenyooka. Ikibanwa, tundu lake hupungua kidogo, kwa hiyo litanue kwa kifaa cha mkono mpaka pini iingie kwa kusukumwa na dole gumba, bila kuchezacheza.

Ikiwa bushi mpya imeingia yenyewe bila kusukumwa, kama sarafu kwenye kibubu, usifurahi. Tundu la bawaba limekuwa yai. Hapo bawaba inakwenda kwa fundi wa kukereza vyuma: matundu yatanuliwe kwa pamoja ili yabaki kwenye mstari mmoja, na bushi ikerezwe kulingana nayo. Mwambie bushi iwe ya shaba nyekundu iliyochanganywa bati, pini iwe chuma. Kile laini ndicho kilike, ndicho rahisi kubadilisha. Na pini kuukuu usiisamehe kwa kuiangalia tu. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye ngazi, imelika.

Wenye bawaba za kufungwa kwa bolti wanajiona wamebahatika. Fungueni bolti moja moja, wapendwa! Baadhi ya magari yana bamba lenye nati linaloelea ndani ya nguzo, na ukitoa bolti zote kwa pupa bamba linadondoka shimoni. Kuanzia siku hiyo kila kona gari inakukumbusha. Na kama mlango ni wa aluminiamu na bawaba za chuma, ule unga mweupe chini yake si vumbi, ni mlango wenyewe unaoliwa pale metali mbili zinapokutana na maji. Safisha, weka kizuizi kati yake, ufunge kwa grisi.

Kurudisha ni kinyume chake, isipokuwa shemeji ameshachoka. Pini mpya ipakwe grisi, meno yakae kwenye kipande kilekile, bawaba ziende kwenye mistari uliyochora. Kaza nusu, funga mlango polepole, tazama mapengo pande zote, sogeza, ndipo ukaze. Kichuma cha kwenye nguzo kinakuwa cha mwisho. Legeza kidogo, funga mlango taratibu, ona kama unapanda au kushuka unapokiuma. Usipande wala usishuke. Weka ukanda wa karatasi kwenye mpira, funga, vuta: karatasi ikitoka bila kukwama, maji nayo yataingia bila kukwama. Baada ya hapo ni tone la oili kwenye pini kila unapobadilisha oili ya injini, na bawaba nyingine za zamani zina kitundu cha kutilia kabisa, ila kimezibwa na rangi ya mara ya tatu.

Sasa mlango unafunga kwa kidole kimoja. Klik. Ufungue tena. Klik. Unamwita abiria wa asubuhi aje ashuhudie. Anakuja, ananyanyua kwa nguvu zote, anasukuma kwa paja. Amezoea! Umwambie mara ngapi usinyanyue?

Na huo mlango ukishanyamaza ndipo unasikia kioo. Kumbe kioo kilikuwa kinagonga siku zote, kwa sababu ile felti, kitambaa kinene cha kwenye reli yake, imeisha, lakini bawaba zilikuwa zinapiga kelele kuliko chenyewe. Kukishusha nacho, kishikio kilivunjika, tunazungushia koleo. Koleo ilikuwa hapa, juu ya dashibodi, mwaka mzima haijahama. Shemeji! Uliitumia koleo? Shemeji?

Ameondoka nayo.