Gari Lililooga Kutwa

Gari likiwa limelowa, mikwaruzo haionekani. Maji huingia katika kila mchirizi uliochimbwa kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, mwanga ukapita bila kutawanyika, na boneti iliyoharibika ikang'aa kwa muda. Fundi yeyote wa rangi analijua hilo, ndiyo maana hakagui gari lililotoka kuoshwa mpaka likauke. Shemeji yangu, mume wa dada, naye alikuja kuligundua mwenyewe, tena asubuhi ileile ambayo Haji alikuwa njiani kuja kuchukua gari lake, Toyota Premio.

Basi mtaa wetu hapa Bombo, Uganda, ukashuhudia watoto wakipishana na madumu ya maji. Dumu moja likimwagwa, jingine linaingia getini.

Gari lilikuwa la kuazima. Haji ni mjomba wetu upande wa mama, mtu mwema, ila kwa gari lile hana utani. Ni jeusi, rangi isiyosamehe hata kitambaa chenye mchanga. Alimpa shemeji aende nalo harusini Masaka, na wakati wa kukabidhi ufunguo akasema mbele ya watu: "Gari hili halijawahi kuguswa. Tangu litoke Japani, hata kijiti hakijalikwaruza. Nirudishie hivyohivyo." Hajati, mkewe, alikuwepo, akaitikia kwa kichwa.

Harusi ilikuwa Novemba, na Masaka Novemba ni senene, wale panzi wa kuliwa. Wategaji husimamisha mabati juu ya mapipa, wakawasha balbu kali zinazoonekana toka mbali. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza mpaka ndani ya pipa. Sasa gari lenye taa kamili usiku ni mtego wa aina hiyohiyo, ila huu unawafuata wenyewe. Shemeji anaapa alikuwa kwenye 80. Kishindo cha mdudu hakipandi sawa na spidi: ukitoka 50 ukafika 100, nguvu ya kumbamiza inakuwa mara nne. Niliyoyaona kwenye kioo cha mbele hayakuwa ya 80.

Lukaya alisimama kununua kuku. Wauzaji wakamkimbilia na vijiti vyao kama kawaida, kisha wakaiona grili. Mama mmoja akamkabidhi mwenzake kuku, akachutama mbele ya bampa, akaanza kuchomoa senene wazima na kuwatia kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Akauliza kwa heshima zote, "Mwanangu, hawa unawauza, au unasafiri nao?" Shemeji akamwachia. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo pekee la maana ambalo gari lile lilifanyiwa wiki nzima.

Alifika Bombo usiku wa manane, akaegesha nje, akalala. Kesho yake likashinda juani. Keshokutwa juani. Hoja yake ilikuwa kwamba wadudu wakikauka wataanguka wenyewe.

Hawaanguki. Majimaji ya mwili wa mdudu yana protini na asidi, na senene juu ya hapo ana mafuta mengi, ndiyo maana mama zetu humkaanga bila kuongeza mafuta. Juani boneti nyeusi hupata moto wa kuunguza kiganja. Klia inalegea, protini inaganda na kusinyaa huku imeing'ang'ania, asidi nayo inaila taratibu. Ukiosha asubuhi ya kwanza unaondoa uchafu tu. Ukichelewa siku kadhaa za jua kali, unauondoa uchafu na chini yake unakuta umbo la mdudu limechoreka kwenye rangi, na hilo halitoki kwa sabuni yoyote.

Haji alipopiga simu kwamba anakuja kesho, shemeji akaanza kupokea ushauri. Jirani wa kwanza akasema ndimu. Wa pili akasema magadi. Akavichanganya, vikatoa povu la kutia moyo, na povu likaisha. Asidi na magadi vilikuwa vimemalizana vyenyewe kwa vyenyewe, senene akabaki anatazama. Wa tatu akakumbuka kuna thina iliyobaki walipopaka geti. Shemeji akaipaka kwenye bampa na taa. Vioo vya taa za magari ya sasa si kioo, ni plastiki ngumu, na thina ikavitia ukungu palepale. Kuhusu bampa nitafika.

Lililobaki ni boneti, na hapa ndipo jina langu lilipoingizwa. Miezi ya nyuma shemeji alinisikia nikimweleza dereva wa taksi kwamba wadudu waliogandia kioo cha mbele unaweza kuwatoa kwa sufi ya chuma laini kabisa, daraja la sufuri nne, kioo kikiwa kimelowa, kwa sababu kioo ni kigumu kuliko nyuzi hizo. Nilisema kioo. Nilisema sufuri nne. Yeye aliondoka na neno "chuma". Akaingia jikoni kwa dada, akachukua waya wa kusugulia sufuria, akaongeza sabuni ya unga, akaanza upande wa kushoto wa boneti. Kwa mizunguko.

Alipomaliza nusu akasuuza, akatazama, akaridhika. Limetakata! Akaenda kunywa chai. Aliporudi maji yalikuwa yamekauka, na boneti ilikuwa imejaa miduara tangu kwenye grili hadi kwenye waipa. Akamwagia dumu la maji kwa hasira, miduara ikapotea. Likakauka, ikarudi. Hapo akapata wazo, akawaita watoto.

Haji na Hajati walifika jua likiwa utosini. Gari lilikuwa linachuruzika, watoto wamejipanga foleni, shemeji amesimama kwenye kona ya bampa, kitambaa kimening'inia mkononi, hasogei.

"Mashallah," Haji akasema. "Linaoga."

"Tangu asubuhi, Mjomba. Nilitaka ulikute safi."

"Tangu asubuhi? Limepata janaba?"

Shemeji akacheka peke yake, akawakaribisha ndani wanywe chai. Haji akasema atakunywa palepale, aletewe kiti. Boneti nyeusi kwenye jua hilo haihitaji hata dakika tano. Mtoto mmoja akaja na dumu, Haji akamwinulia kiganja asimame. Maji yakaanza kurudi nyuma kutoka katikati ya boneti, na kadiri yalivyorudi, miduara ikajitokeza mmoja baada ya mwingine, huku Haji akiifuata kwa kidole. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Niitieni fundi."

Nilikuta nusu ya kushoto imesuguliwa na nusu ya kulia bado ina senene wake. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni zawadi, kwa sababu ningeweza kumwonyesha Haji upande wa pili ulivyopaswa kufanywa.

Kwanza tulilisukuma kivulini mwa ukuta, si chini ya mwembe, maana utomvu wake ni kesi nyingine. Ukiweka mgongo wa mkono kwenye boneti ukashindwa kuuacha hapo, subiri ipoe. Ukiosha bati la moto, dawa hukaukia juu ya rangi na kuacha madoa yake. Kisha nikamwagia maji mengi kuondoa vumbi, kwani vumbi la Bombo ndilo linalokwaruza kuliko senene mwenyewe. Nikachovya taulo kuukuu kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu ya gari, nikalilaza juu ya wadudu, nikaliacha dakika kumi, nikiliongezea maji kila lilipotaka kukauka. Sabuni ya vyombo inaondoa senene, sikatai, ila inaondoka na waksi pia, na rangi isiyo na waksi ndiyo mdudu wa safari ijayo anayoitamani.

Kuloweka ndiyo kazi. Kupangusa ni kuokota tu. Taulo lilipotoka, senene wengi walitoka nalo. Waliobaki nikawapulizia dawa ya wadudu wa gari, nikahesabu dakika mbili bila kuiacha ikauke, nikapangusa kwa kitambaa cha maikrofaiba, mstari mmoja ulionyooka, mkono mwepesi, kamwe si kwa kuzungusha. Kitambaa ukikikunja mara mbili unapata nyuso nane safi. Kila upanguso mmoja, geuza uso. Mguu wa senene ukigoma, usiukandamize, uloweke tena. Shemeji alikuwa anatazama kwa makini ya mtu anayesomewa hukumu.

Baada ya kusuuza na kukausha nikavaa kavera mkononi, nikapitisha vidole juu ya boneti. Plastiki nyembamba hukuza kila chembe iliyoganda, mkono mtupu hauihisi. Palipokuwa na chembe nikapitisha klei, udongo laini wa kusafishia rangi, na maji ya shampuu ya kuutelezesha. Ukikuangukia chini, utupe, hata kama ulinunua jana. Nusu ya kulia ikawa safi, ikabaki na vivuli viwili vya senene waliokwisha kuila klia, na hivyo ni vya polishi.

Nusu ya kushoto ilikuwa habari nyingine. Kipimo cha kwanza ni ukucha: upitishe kukatiza mkwaruzo. Usiponasa, na mkwaruzo ukiwa unapotea kwenye maji, upo ndani ya klia, unatibika. Ukinasa, ni wa kina, na busara ni kuupunguza makali, si kuufuata mpaka chini. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, na unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Mtu anayesugua gari kwa waya afikirie kwamba mali yake yote ni nyembamba kuliko unywele.

Michirizi miwili mitatu ya waya ilinasa ukucha. Iliyobaki haikunasa. Nikabandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, maana pembeni rangi huwa nyembamba na ndipo mashine huchoma kwanza. Msasa wa maji namba 2000, uliolowekwa, kwa kunyoosha; kisha 3000; kisha kompaundi, dawa ya kung'arishia rangi, kwa mashine ya mizunguko 1,200 hivi kwa dakika, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, bila kuiacha ikae mahali pamoja. Kitambaa kikitoka na ukungu mweupe, bado unakula klia. Kikitoka cheusi kwenye gari jeusi, zima mashine, umefika kwenye rangi. Chetu kilitoka cheupe. Haji akaanza kupumua.

Shemeji akaona hewa imekuwa nyepesi, akajitolea kuleta mashine ya maji ya presha aisafishe rejeta. Nikamwomba akae. Mapezi ya rejeta ni bati jembamba. Presha ikitoka mbele huyalaza, na senene anasukumwa ndani zaidi. Rejeta iliyojaa mabawa inachemsha injini kwenye mlima wa kwanza. Tunasubiri ipoe, tunapitisha maji ya bomba la kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele, wadudu wanatoka walikoingilia.

"Sasa bampa," nikasema. "Shemeji, sogea."

Hakusogea. Ikabidi Hajati amwambie. Alipotoka, kitambaa kikatoka naye, na kona ya bampa la Premio nyeusi ilikuwa ya fedha.

Rangi ya kiwandani huokwa, thina haiivui kwa kupangusa mara moja. Ile ya kupuliza mtaani inayokauka kwa hewa tu, hata baada ya miaka, thina huiyeyusha na kuirudisha kwenye kitambaa. Na chini ya rangi nyeusi ya mtaani hapakuwa na plastiki tupu wala primu, ile rangi ya msingi, palikuwa na fedha ya kiwandani, nzuri kabisa. Yaani bampa lile lilikuwa limezaliwa kwenye gari lingine.

Nilikuwa nimeinama, sikuona nyuso. Nilisikia tu Hajati akiuliza, "Tangu Japani?"

Haji akakohoa. Akanisogelea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, bampa utalipaka leo leo. Na boneti, na taa. Hesabu yote andika kwangu, usimsumbue huyu kijana." Shemeji, aliyekuwa ameshaanza kuhesabu atauza mbuzi yupi, akaagiza chai.

Hajati alivuta kiti cha Haji, akakaa, akaniomba nimweleze taratibu: bampa la gari lingine hufungwaje, na huchukua muda gani? Mimi naulizwa kazi, najibu kazi. Nikamwambia boliti na klipu ni saa moja kwa fundi mzoefu. Kinachokula wakati ni rangi, kuandaa, kupuliza na kusubiri ikauke, hapo inakwenda siku nzima.

"Siku nzima," Hajati akasema, akimgeukia mumewe. "Kama ile ya mazishi ya Luwero."