Kherson ilishakombolewa, ila raia abaki au aondoke?

Novemba 11, 2022 jeshi la Ukraine liliingia Kherson, mji wa kusini mwa nchi hiyo, watu wakamwagika barabarani wanalia wanawakumbatia wanajeshi, miezi minane ya kukaliwa na Warusi imeisha. Shida ni kwamba adui hakwenda mbali, alivuka tu mto Dnipro akapanga mizinga ng'ambo, na kabla hajaondoka alishaharibu umeme na maji na kutega mabomu mashambani. Sasa raia wa mji kama huo unamlinda vipi, unamhamisha au unamwacha kwake?

Wanaosema wahamishwe wana hoja nzito. Desemba 24, 2022 makombora yalipiga katikati ya mji, mchana, watu wako kwenye mahitaji yao. Baadaye zikaja droni ndogo zenye kamera, yule anayeiongoza anaona kabisa huyu ni mama kwenye baiskeli, hii ni ambulensi, na bado anaachia bomu. Mei 2025 tume ya uchunguzi ya UN ikasema huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Halafu kila anayebaki lazima awepo wa kumpelekea mkate na wa kumbeba akiumia, na hao nao wanapigwa.

Ila wanaokataa kuondoka mi siwezi kuwaita wabishi tu. Kabla ya vita mji ulikuwa na watu karibu 280,000, waliobaki ni wachache na wengi wazee. Bibi kavumilia miezi minane yote ile, leo unamwambia apande treni aende mji asikojua mtu, pensheni yenyewe haifiki kodi ya chumba, kuku na bustani anamwachia nani? Serikali ilitoa usafiri wa bure tangu ile Novemba, sawa, lakini usafiri sio makazi.

Mi naona mtu mzima asilazimishwe. Mtoto hapana, huyo atolewe pamoja na mzazi wake, na Ukraine iliweka utaratibu wa lazima kwa watoto wa maeneo ya mapigano mwaka 2023, walifanya vizuri. Anayebaki naye asiachiwe afe eti kwa sababu alionywa, awekewe nyavu za kuzuia droni juu ya barabara, mitambo ya kuvuruga droni, mahandaki karibu na vituo vya basi. Na anayekubali kuondoka apewe chumba chenye kodi iliyolipwa, maana ukimpa tiketi peke yake, hela ikiisha atarudi kulekule kwenye droni.