Unamjua Shabalala, je wale wengine kwenye mstari?

Kila nikikuta maandishi kuhusu Ladysmith Black Mambazo, lile kundi la wanaume wa Afrika Kusini wanaoimba bila vyombo, mtandaoni yanaanza na kuishia kwa mtu mmoja, Joseph Shabalala, na kiukweli simlaumu anayeandika hivyo kwa sababu yule mzee alikuwa mkubwa kweli, kundi alianzisha yeye, nyimbo nyingi katunga yeye, ile sauti laini inayoelea juu ni yake. Alifariki tarehe 11 Februari 2020 na siku ile kwenye grupu letu la wanakwaya la WhatsApp watu walitumiana video zake mpaka usiku. Ila mimi ni mtu wa besi, ile sauti ya chini kabisa kwenye kwaya. Nimesimama mstari wa besi miaka kumi na sita sasa, na mtu wa besi akiangalia zile video macho yake hayakai kwa kiongozi, yanahamia pembeni, kwa wale wanaume waliopanga mstari wanarusha miguu juu halafu wanaishusha chini bila kishindo, na swali langu siku zote ni lile lile, wale ni akina nani?

Sisi tumezoea kwaya ya sauti nne, kuanzia juu kwenda chini soprano, alto, tena na besi, watu wanagawanywa karibu sawa sawa na kama kuna upungufu basi ni wa tena. Isicathamiya, yaani ule mtindo wa Wazulu wanaouimba hawa, haiko hivyo kabisa. Kuna kiongozi, kuna mmoja anashika alto, kuna mmoja anashika tena, waliobaki wote besi. Watu saba wa besi! Hakuna ngoma wala kinanda wala gitaa, kwahiyo wale besi ndo ngoma, ndo kinanda, ndo sakafu anayosimama kiongozi, na yeye anaweza kuchezea sauti yake anavyotaka, akapiga ulimi, akaita, akanong'ona, kwa sababu anajua chini yake kuna watu hawatikisiki.

Na mtu asiyeimba anaweza kudhani watu saba kuimba noti moja ni kazi rahisi. Sio rahisi hata kidogo. Kwaya kubwa ya watu sitini ukikosea kidogo unafunikwa, jumapili inapita na mwalimu hajui ni nani. Kwenye kikundi kidogo mmoja akifungua "a" pana na wengine wameibana inasikika hapo hapo, mmoja akichelewa kukata neno ule mkia wa sauti unabaki unaning'inia ukumbini kila mtu anausikia. Lazima muvute pumzi pamoja, mfungue mdomo saizi moja, mmalize pamoja, na hawa jamaa wanafanya hivyo huku wanacheza, wengine wana umri wa mababu, na hakuna mtu mbele anayewapungia mkono kuwahesabia. Mimi nikiona hivyo nasema hiki sio kipaji tu, hii ni kazi ya mtu aliyeamka na kufanya mazoezi jana na juzi na mwaka juzi.

Ile kuteremsha mguu kimya nayo ina historia yake. Jina isicathamiya linatokana na neno la Kizulu lenye maana ya kunyata, vile paka anavyonyata. Wanaume walitoka vijijini kwenda kufanya kazi migodini na viwandani, wakawekwa kwenye hosteli za wafanyakazi, wake na watoto wamebaki nyumbani, na jumamosi usiku ndo ilikuwa nafasi yao ya kuimba. Ngoma ya nyumbani ni ya kukanyaga ardhi mpaka vumbi linyanyuke, na wenyewe wanasimulia kwamba hosteli haikuruhusu vishindo kwa sababu ya walinzi, wakaanza kucheza kwa ncha za vidole. Mashindano yalikuwa yanaenda usiku kucha mpaka asubuhi, watu wamevaa suti na glavu nyeupe, na mshindi alikuwa anaweza kuondoka na mbuzi. Fikiria umetoka shifti ya wiki nzima, badala ya kulala unasimama kuimba mpaka kunakucha kwa ajili ya mbuzi mmoja wa kikundi kizima. Hao ndo baba zao hawa.

Joseph mwenyewe alitoka mashambani karibu na mji wa Ladysmith akaenda Durban kufanya kazi kiwandani. Kwenye jina la kundi, Ladysmith ni kwao, Black ni wale maksai weusi wenye nguvu kuliko wote shambani, na Mambazo ni shoka, maana walisema wakiingia kwenye mashindano wanawakata wenzao wote. Na waliwakata kweli mpaka ikafika hatua wakazuiwa kushindana, wakawa wanaruhusiwa kuja kuburudisha tu. Mwaka 1964 Joseph alikuwa anaota usiku, anasikia sauti za waimbaji zikiimba kwa mpangilio ambao alikuwa hajawahi kuusikia kwa watu, na ndoto ziliendelea kama miezi sita, kila mtu anayeandika kuhusu kundi hili lazima aiweke hii na mimi nimeiweka. Ila jamani, ndoto ni ya mtu mmoja. Asubuhi yake kuna watu ilibidi wasimame waambiwe hapana sio hivyo, rudia, hapana, rudia tena, mpaka ile sauti ya ndotoni itoke kwenye vifua vyao.

Kwahiyo ngoja niwataje.

Albert Mazibuko, binamu yake Joseph, aliingia 1969 na miaka hamsini baadaye bado alikuwa kwenye mstari. Hamsini! Kuna ndoa hazifiki hapo. Mdogo wake Abednego Mazibuko, mtu wa besi. Ndugu yao mwingine, Milton, aliyeuawa mwaka 1980. Jockey Shabalala, ndugu yake Joseph, alifariki 2006. Russel Mthembu, besi, huyu ukimwangalia akiimba uso umetulia kama mtu anayesikiliza redio lakini ile sauti inayotoka unaisikia kwenye mbavu.

Na Headman Shabalala. Huyu ndo ninayemrudia kila mara. Ndugu yake Joseph, besi, na kwenye rekodi za miaka ya 80 kuna ile sauti ya chini kabisa inayounguruma kama mashine ya kusaga inavyoanza, watu wa besi mnaijua, unajaribu kuiga bafuni haitoki. Tarehe 10 Desemba 1991, kundi lao tayari linajulikana dunia nzima, wameshaimba na Paul Simon, mwanamuziki wa Marekani aliyewakuta Johannesburg 1985 wakaenda kurekodi naye London, wameshachukua tuzo ya Grammy ya kwanza mwaka 1988, Headman alipigwa risasi barabarani huko kwao na mzungu mmoja, mlinzi ambaye hata zamu hakuwa nayo. Grammy haikumkinga. Muuaji alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Joseph alikaribia kuacha muziki kabisa. Miaka miwili baadaye, Desemba 1993, hao hao wanasimama Oslo wamefuatana na Mandela kwenda kupokea Nobeli, na nikiangalia picha za kipindi kile mimi nahesabu watu kwenye mstari, natafuta ile nafasi. Miaka ile ya 90 watoto wa Joseph wakaanza kuingia, Sibongiseni, Thulani, Thamsanqa, Msizi, na Grammy nyingine zikaja 2005, 2009, 2013 na 2018, jumla tano.

Kuna kitu kinaniuma zaidi nikirudi nyuma kwa walioimba kabla ya hawa. Mwaka 1939 Johannesburg kikundi cha watu sita kilirekodi wimbo unaoitwa Mbube, maana yake simba, na wimbo ule ukazunguka dunia nzima kwa majina mengine, nadhani hakuna mtoto mjini ambaye hajausikia hata kwenye katuni. Solomon Linda aliyeutunga inasemekana alilipwa shilingi kumi tu, akafa 1962 akiwa maskini, na familia yake ilikuja kupata makubaliano ya fidia mwaka 2006. Hilo wengi wanalijua na ni vizuri linajulikana. Lakini ile ukiisikiliza, ile "mbube" inayojirudia rudia chini kama mawimbi, ile ambayo ndo imewaingia watu damuni, Linda haimbi pale, yeye yuko juu. Pale chini ni Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane kwenye besi, na Boy Sibiya kwenye tena, na Gilbert Madondo kwenye alto. Najua kesi ilihusu utunzi na mtunzi ni Linda, sibishani na hilo hata kidogo, ninachosema ni kwamba watu watano waliibeba ile nyimbo migongoni na ukiuliza watu mia hapa mjini hatatokea hata mmoja wa kukutajia jina moja.

Sasa tuje nyumbani maana hapa ndo kwenye hoja yangu. Sisi ni watu wa kwaya. Ukitembea jumamosi jioni mtaa wowote Dodoma au Mwanza au Nairobi utasikia mazoezi, watu wanapiga sol-fa, watoto wamekaa madirishani. Waimbaji tunao kwa maelfu. Lakini kikundi kidogo cha watu wanane wanaoishi kwa kuimba bila vyombo, wenye mkataba, wanaolipwa wote na sio kiongozi peke yake, ambao majina yao yote yanaandikwa, unaweza kunitajia vingapi? Tunapenda sauti ila tunamheshimu mtu mmoja, mwalimu au solo, wengine tunawaita "wanakwaya" basi imeisha. Nimeshawahi kuimba kwenye kikundi kidogo, sitakitaja, tulikuwa tunaitwa kwenye harusi za watu na kwenye mahoteli, tumerekodi, DVD zimeuzwa, na sisi wa besi tulichopata ni soda na nauli ya kurudi. Kwenye kava kulikuwa na picha ya kiongozi na jina lake na namba yake ya simu, sisi wengine tulikuwa vivuli nyuma yake. Nilipouliza niliambiwa "kaka, wewe si unaitikia tu".

Unaitikia tu!

Nimefikiria sana hilo neno. Kuna wanaoniambia kuimba ni huduma, ukianza kuongelea hela unaharibu moyo wa uimbaji, na mimi ninawaheshimu, jumapili naimba bure na nitaimba bure mpaka nizeeke, ile ni sadaka yangu. Lakini pale mtu anapokata tiketi au anapolipa kikundi kije kiimbe kwenye sherehe yake, ile sio sadaka tena, ni kazi, na kazi ya watu wanane ni ya watu wanane. Hata sheria ipo, sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji, sio mtunzi peke yake, yaani yule aliyeweka sauti yake kwenye rekodi naye ana haki yake. Hatuitumii kwa sababu hatujioni kama watumbuizaji, tunajiona waitikiaji. Na ukifika kwa Ladysmith Black Mambazo unaona watu ambao kuitikia ndo ilikuwa ajira yao, wamesafiri nayo dunia nzima, wamezeekea kwenye mstari. Usiniambie haiwezekani kwetu kwa sababu lugha yetu haijulikani huko, wao wanaimba Kizulu, na ukitega sikio hata wewe unaokota maneno, inyama ni nyama, ubusuku ni usiku, amehlo ni macho, watu wa Ulaya hawaokoti hata hayo na bado ukumbi unajaa.

Mwaka juzi tulimzika mzee mmoja wa besi, nimesimama naye bega kwa bega karibu miaka kumi. Baada ya mazishi tumekaa nyumbani kwake kwenye turubai, mtu akaweka ile rekodi yetu ya zamani kwenye spika, na mwanae wa mwisho, wa darasa la nne hivi, akaja akaniuliza "anko, baba ni ipi hapo?" Watu wazima wakaangaliana. Maana besi ikiimbwa vizuri ndo hivyo, humsikii mtu, unasikia ukuta. Ila mimi nilikuwa namjua, alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kwa pua kabla ya ubeti wa tatu, kidogo sana, mwalimu alimkemea miaka yote na hakuacha, na studio hawakuifuta. Nikamwambia mtoto asubiri. Tukasubiri, beti mbili zikapita, watu wameacha kuongea, ikafika ile sehemu nikamshika bega nikamwambia "hapo". Akasema rudisha. Tukarudisha mara nne au tano, sikumbuki vizuri.

Nilivyorudi nyumbani nilichukua lile kava nikageuza nyuma nikaandika kwa kalamu majina ya wote wanane, kila mtu na sauti yake, kuanzia besi.