Tekken 4: Tuilaumu Miteremko, Kuta Tuziache

Mwambie mtu aliyekulia kwenye vibanda vya gemu vya Manzese, Tandika au Kinondoni akutajie Tekken zake, zile gemu za kupigana za Namco. Ataanza na Tekken 3, atakwenda Tekken Tag, halafu ataruka mpaka Tekken 5. Tekken 4 ataipita kama kituo ambacho daladala haisimami. Ukimbana aseme kwa nini, atakujibu kwa kifupi: nzito, wahusika wachache, Eddy wamemwondoa, na kuna makuta yanakubana.

Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba zimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Tekken 4 ina makosa makubwa mawili, na yote mawili yalistahili kuizamisha. Lakini kuta hazimo kwenye makosa hayo. Kuta ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo mfululizo huu umepata tangu Tekken 3, na zimekuwa zikihukumiwa kwa dhambi za jirani yake, yaani ardhi yenye miteremko.

Turudi kwanza nyuma kidogo. Katika Tekken 3, iliyotoka kwenye mashine za kumbi za gemu mwaka 1997 na kufika PlayStation mwaka 1998, uwanja hauna mwisho. Mlima, hekalu au mji unaouona kwa nyuma ni pazia tu. Ukirudi nyuma, sakafu inakufuata. Tekken Tag Tournament ya 1999 ikabaki hivyohivyo. Matokeo yake kila aliyewahi kushika padi anayajua: mtu akishakutangulia damu, yaani uhai uliobaki kwenye gemu, anarudi nyuma, anarudi nyuma tena, anakuachia upige hewa mpaka saa iishe. Hakuna cha kumfanya. Mahali uliposimama hapana maana yoyote, kwa sababu kila mahali ni sawa na pengine.

Tekken 4 ilitoka kumbini mwaka 2001 na kwenye PlayStation 2 mwaka 2002, na ikaufunga uwanja. Sasa kurudi nyuma kuna gharama: kila hatua unayorudi unaukaribia ukuta. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, ingia kwenye mazoezi, mchague Paul, msogeze mpinzani mpaka abakize hatua mbili tatu kufika ukutani. Zungusha chini, chini-mbele, mbele, kisha △. Ile ngumi ya Paul kwenye Tekken 3 humrusha mtu mbali, naye akiamka mnaanza upya. Hapa mgongo wake unagonga ukuta, na kabla hajajipanga wewe umeshafika. Ngumi ni ileile, lakini thamani yake imebadilika kufuatana na mahali mlipo. Hapo ndipo mchezo unapopata swali jipya: nimpige sasa hivi, au nimzungushe kwanza mpaka mgongo wake uelekee kule?

Watengenezaji waliliona swali hilo, wakaweka na nyenzo ya kulijibu. Kukwepa kwa ubavu kulipewa uzito kuliko zamani, na kuna mkamato usiotoa damu hata kidogo: unamshika mpinzani na kumsukumia upande unaoutaka wewe. Mchezaji wa haraka haraka ataona huo ni upuuzi, maana amemshika mtu na hajamuumiza. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyebananishwa kwenye kona, mkamato huo mmoja unageuza mambo: aliyekuwa anakufungia njia sasa yeye ndiye mwenye ukuta mgongoni.

Upande wa pili nao una hoja. Kuta za Tekken 4 ziliwekwa bila breki. Kuna wahusika wanaoweza kumbandika mtu ukutani na kurudia mapigo yaleyale, naye asipate upenyo wa kutoka mpaka damu iishe. Mtu aliyepigwa namna hiyo mara mbili akaweka padi chini na kusema hataki tena, alikuwa na haki yake. Matoleo yaliyofuata yalifunga mwanya huo: ukigonga ukuta unabandikwa, mapigo yanayofuata yanazidi kupungua nguvu, unateleza mpaka chini na kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata nafasi, inaishia hapo. Ugonjwa ulikuwa kwenye hesabu za ukuta, nao ukatibika pasipo kuubomoa ukuta wenyewe.

Miteremko ni jambo jingine kabisa, na kwa hili hakuna utetezi.

Mapigo ya Tekken yamegawanyika katika ngazi tatu: juu, kati na chini. Pigo la juu linampita aliyechutama, la kati linampata, la chini unalizuia kwa kuchutama. Mchezo mzima umesimama juu ya ngazi hizo, na zimepimwa kwa kudhani kwamba nyote wawili mmesimama usawa mmoja. Sasa mmoja akae juu ya mwinuko na mwingine bondeni. Ngumi ya juu ya yule wa mwinukoni inaweza kupita kichwani kwa mwenzake ambaye hata hakuchutama. Mambo yanazidi kuharibika mtu akiwa hewani. Kombo ya Tekken ni hesabu ya muda: umemrusha, anashuka, na pigo la pili limepangwa limkute akiwa kimo fulani. Ardhi ikiwa imeinuka mahali anapoangukia, anaigusa mapema na pigo lako linamkosa. Ikiwa imeshuka, anachelewa na kombo inakatika katikati. Mtu amefanya mazoezi wiki nzima, amepiga kila kitufe kwa wakati wake, na bado inashindikana kwa sababu ya sentimita chache za udongo ambazo kamera wala haikumwonyesha vizuri.

Kinachouma zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo. Sega walishajaribu ardhi isiyo sawa kwenye Virtua Fighter 3 mwaka 1996. Walipotoa Virtua Fighter 4 mwaka 2001 waliiondoa, wakarudi kwenye uwanja tambarare. Mwaka huohuo Namco ndipo wakaiokota. Walichukua kitu ambacho mpinzani wao mkubwa alikuwa ndiyo kwanza amekitupa.

Kosa la pili ni Jin Kazama. Kwenye hadithi ya toleo hili Jin anaikataa karate ya ukoo wa Mishima, anakwenda Brisbane, Australia, na kujifunza karate ya jadi kuanzia mwanzo. Mtindo huo mpya ni mzuri sana, na umebaki kuwa wake mpaka leo. Lakini alipewa pia pigo lake maarufu, Laser Scraper, ambalo likibonyezwa kwa fremu kamili, yaani ndani ya picha moja tu ya mwendo wa gemu, linakuwa silaha isiyo na mfano ndani ya gemu hii. Tekken inakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Kulipiga kila mara ni kazi ya mikono iliyokomaa. Ila aliyelimudu hakuwa na sababu ya kumchagua mtu mwingine yeyote, na mashindano yakawa Jin dhidi ya Jin.

Hapo lipo jambo moja la vibandani ambalo wachambuzi wa nje hulipita. Padi ya PS2 ina vitufe vinavyokaa juu ya raba, na chini ya raba kuna karatasi laini yenye njia za umeme. Raba ikichoka, kitufe hakikati mara moja. Kinahitaji kukandamizwa zaidi ndipo kiitike. Kwa gemu ya mpira hutagundua. Kwa pigo la milisekunde 17 ndiyo tofauti ya kupata na kukosa. Padi iliyopita mikononi mwa watoto wa mtaa mzima tangu asubuhi haiwezi kumpa mtu fremu kamili, isipokuwa kwa bahati. Kwa hiyo Jin aliyeharibu mashindano ya wakubwa huenda asionekane kabisa kwenye kibanda cha padi zilizochoka, na mtu wa Mbagala anayesema hakumwona Jin wa kutisha anaweza kuwa anasema kweli.

Kuhusu wahusika, hesabu iko wazi. Tekken Tag ilikuwa na zaidi ya 30. Tekken 4 ilirudi chini kwenye ishirini na kidogo, na baadhi yao ni nguo tu: Panda yuko ndani ya Kuma, Miharu ndani ya Xiaoyu. Jack hayumo, Anna hayumo, Mokujin hayumo. Na Eddy Gordo, kimbilio la kila asiyejua kucheza, yule wa kubonyeza X na ○ hovyo mpaka mwenye ujuzi achanganyikiwe, akafanywa vazi la ziada la Christie Monteiro, msichana mpya aliyerithi capoeira yake, ule upiganaji wa Brazil wa mateke ya kucheza ngoma. Kwa uwanja wa mtaani hilo lilikuwa pigo kubwa. Eddy ndiye aliyemfanya mgeni athubutu kulipia mechi dhidi ya bingwa wa kibanda. Kumficha ndani ya mhusika mwingine kulikuwa ni kumfungia mgeni huyo mlango, na yeyote anayeitetea Tekken 4 inabidi akubali hilo kwanza.

Lakini toleo hilohilo ndilo lililomleta Steve Fox, na ubunifu wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Steve ni bondia wa Uingereza asiye na mateke ya kawaida. Vitufe vya X na ○, ambavyo kwa wengine wote ni miguu, kwake ni kuinama na kuyumba. Unabonyeza, bega linashuka, ngumi ya mpinzani inapita sikioni, na kutoka kwenye mkao huohuo ngumi yako inapanda. Kila anayemchukua kwa mara ya kwanza hubonyeza teke kwa mazoea na kujikuta anacheza ndondi. Wahusika wapya wengi huongezewa mapigo tu. Huyu alinyang'anywa nusu ya vitufe akapewa njia nyingine ya kufikiri. Craig Marduk, mpiganaji wa vale tudo (mapigano huria yenye sheria chache) kutoka Australia, naye alianzia hapa. Kazuya, aliyekosekana Tekken 3 nzima, akarudishwa hapa pia, na ugomvi wa watu watatu, babu Heihachi, mtoto Kazuya na mjukuu Jin, ukapata uzito ambao mfululizo umeendelea kuuishi.

Tuitazame sasa Tekken 5, maana ndiyo hukumu ya watengenezaji wenyewe juu ya kazi yao. Ilitoka kumbini mwishoni mwa 2004 na kwenye PS2 mwaka 2005. Miteremko ilifutwa yote. Kasi ikarudi karibu na ile ya Tekken 3. Waliolilia mapigo ya zamani ya Jin wakapewa Devil Jin. Diski yake ilibeba hata Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu za kumbini kama kumbukumbu. Ya nne haikuwekwa. Ukiishia hapo utasema wazi kwamba waliionea aibu. Ila uanze kupigana: kuta zipo. Zikabaki kwenye Tekken 6, ambayo iliongeza kuta na sakafu zinazovunjika. Zikabaki Tekken Tag Tournament 2, Tekken 7, na zipo Tekken 8 ya mwaka 2024. Kijana anayecheza Tekken 6 kwenye simu kwa PPSSPP, programu inayoiga mashine ya PSP, na kumsukuma mwenzake mpaka ukutani ili amalizie kombo, anatumia elimu ya Tekken 4 bila kujua jina lake. Gemu yenyewe hajaiona, kwa sababu haikuwahi kutolewa kwenye PSP.

Anayetaka kuipima upya ana njia mbili. Ya kwanza ni PS2 yenyewe na TV ya chogo, na hiyo ndiyo bora, kwa kuwa chogo haicheleweshi picha. Ukitumia bapa, washa hali ya gemu kwenye menyu ya picha. Bila hiyo TV nyingi huongeza fremu kadhaa za kuchelewa na utaidhania gemu ni nzito kuliko ilivyo. Ya pili ni kompyuta yenye PCSX2, programu inayoiga PS2, ambayo inadai bayosi (programu ya kuwashia mashine) ya PS2 yako. Kwa Android kuna AetherSX2, ingawa iliacha kuendelezwa mwaka 2023, lakini simu iwe na prosesa ya daraja la Snapdragon 845 kwenda juu, la sivyo kasi itayumba na hutaijua gemu ilivyo hasa.

Kabla ya mechi ya kwanza, zungukeni viwanja vyote kwenye mazoezi na muweke pembeni kila chenye mwinuko. Kwenye vilivyobaki, Jin asichaguliwe, na anayejua kombo ya ukutani isiyo na mwisho akubali kuiacha. Chezeni raundi 3 kwa kila mechi, si chini ya mechi 10, na yule mzoefu wa kurudi nyuma mpeni padi nzima kuliko zote.