Kamera inunuliwe mwisho

"Yaya, niko na dola mia ine. Ninunue kamera gani?"

Kijana aliyeniuliza hivyo (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa) anakaa mtaa wa Majengo, na hizo dola amezikusanya noti moja moja kwa kupiga picha za kadi na pasipoti, tena kwa kamera ya kuazima. Alikuwa amezilaza ndani ya daftari zisikunjike, maana hapa Goma noti ikiwa na mpasuko mdogo tu, hakuna anayeipokea. Tayari alikuwa ameona boksi dukani: kamera mpya, lenzi yake ndogo, mkoba, na tripodi ya bure. Nilimwomba asubiri hadi kesho yake. Tulikaa jioni nzima tukizungumza, na niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu kila mara yupo mwingine mwenye swali hilohilo, na wengi hunifikia wakiwa wamekwisha kulipa. Tangu mabenki yafunge milango mwishoni mwa Januari 2025, mtu akikosea manunuzi hana pa kukimbilia. Pesa yake ni ile ya mfukoni na ya kwenye simu.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mpiga picha wa Goma, kamera yenyewe ndiyo ya kununuliwa mwisho. Itangulie lenzi, zifuate kadi na betri, kisha vifaa vya kukabiliana na vumbi. Pesa itakayobaki ndiyo ya bodi, yaani kamera bila lenzi, na bodi hiyo iwe ya mtumba.

Muuzaji ataanza na megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Mwache amalize, halafu piga hesabu. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, ikichapwa vizuri inahitaji megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 haufikishi 9. Canon 5D Mark II, kamera ya mwaka 2008, ina 21. Katika miaka yangu yote ya harusi na matanga sijarudishiwa picha hata moja kwa sababu ya megapikseli. Nimerudishiwa kwa sababu uso wa bibi harusi ulikuwa giza, au mkono wa padri ulitikisika ukawa kama moshi. Makosa hayo mawili yanatokana na mwanga, na mwanga unaingilia kwenye lenzi.

Lenzi inayokuja na boksi ni ile ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta hadi mwisho wake, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka kupita 5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo Canon na Nikon wote wanaitengeneza kwa bei ya chini kuliko karibu lenzi zao nyingine zote, inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Yaani mle kanisani ambamo lenzi ya boksi inakudai ISO 12800, yaani kamera ilazimishwe kuhisi mwanga kupita kiasi, picha ikajaa chenga kama unga wa muhogo, hii inatosheka na ISO 1600 na bado kunabaki ziada. Hakuna bodi ya dola mia nne itakayokupa tofauti ya namna hiyo.

Ina gharama yake, nisiifiche. Kwenye kamera zenye sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, milimita 50 inaona kwa ufinyu, kama 75 au 80. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimesimamishwa juu ya mawe ya volkano, na sebule yake ni hatua nne au tano. Utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta, na bado bibi na babu hawajaingia wote kwenye picha. Anayefanya kazi zaidi ndani ya nyumba na atafute milimita 35 ya Nikon yenye tundu la 1.8, au 24 ya Canon yenye 2.8. Na mwenye Nikon ndogo kama D3500 awe macho: bodi hiyo haina mota ya kuvuta fokasi, kwa hiyo ile 50 ya zamani yenye herufi D itamlazimu azungushe kwa mkono maisha yake yote. Atafute iliyoandikwa AF-S. Nimeona watu wakidhani wameuziwa lenzi mbovu, kumbe ni nzima, ila haikuumbiwa kamera yao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona linaelezwa na wanaotufundisha kwenye video za intaneti, kwa kuwa wao hawapigi picha juu ya jiwe jeusi.

Mji wetu umekaa juu ya lava. Iliyoshuka Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na maharusi hadi leo wanapenda kusimama juu ya mawe yale, mlima ukiwa nyuma yao. Ni mahali pazuri kweli. Lakini kipima mwanga cha kamera kimefundishwa kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu. Kikiona jiwe jeusi limejaa kwenye fremu, kinaona giza na kuongeza mwanga. Jiwe linageuka kijivu kama saruji, na shela inaungua: nyeupe tupu, dantela yote aliyoilipia yule dada imepotea. Kisha ukisogea karibu, gauni likajaza fremu, kamera inafanya kinyume chake, inapunguza mwanga, na uso wake unazama.

Nilipata tabu na hilo muda mrefu kabla ya kuelewa. Siku hizi nikiwa juu ya lava ninapunguza mwanga kwenye kamera kwa kipimo kimoja, nyakati nyingine kimoja na nusu. Nikisogea kwenye gauni ninaongeza. Na ninahifadhi faili ghafi, zile za RAW, badala ya JPEG peke yake, kwa sababu uso uliofifia kidogo unaweza kuuinua baadaye kwenye kompyuta, lakini dantela iliyoungua hairudi. Yote hayo kamera yoyote ya mtumba inayaweza. Ni kitufe cha jumlisha na toa, basi.

Kuna la pili kuhusu jiwe hilo, nalo ni la macho. Penye mchanga au saruji, jua linagonga chini na kurudi juu, likajaza vivuli vilivyo chini ya nyusi na kidevu. Lava hairudishi kitu. Inameza. Ndiyo maana picha nyingi za mchana hapa kwetu zina watu wenye mashimo mawili meusi mahali pa macho. Dawa yake ni shuka jeupe. Litandaze chini, mbele ya miguu yao, nje kidogo ya fremu, na umwombe mmoja wa wasimamizi akanyage pembe zake upepo wa ziwa usilibebe. Mara ya kwanza kulitandaza, mama mkwe alinikaripia kwamba nachafua mashuka ya watu. Kisha nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera picha mbili, isiyo na shuka na yenye shuka. Katika ya pili macho ya binti yake yalikuwa na nuru ndogo chini ya mboni, na hakusema tena neno. Alilishika pembe yeye mwenyewe.

Bâche, yaani maturubai, nazo zina mambo yake. Sherehe ya dot, ile ya mahari, ikifanyika chini ya turubai la bluu, kila uso unakuwa wa mgonjwa, na kuacha kamera ijichagulie rangi hakusaidii, kwa sababu bluu iko juu huku nuru ya kawaida inaingia pembeni. Mimi huwahamisha wazee viti vyao hadi ukingoni mwa bâche, kwa heshima, nikiwaeleza sababu. Hawajawahi kunikatalia.

Kadi. Hapa nazungumza kwa uchungu. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei iliyonifurahisha mno. Nikaenda nayo kwenye harusi. Kamera haikulalamika, iliandika picha moja baada ya nyingine, na nambari zilikuwa zinapanda. Usiku nyumbani, za asubuhi kwenye ofisi ya komini zilifunguka vizuri, za kanisani zikaanza kukatika nusu, juu uso na chini kijivu, na kuanzia kwenye keki hazikufunguka kabisa. Kadi ilikuwa ya GB chache tu, imedanganywa ndani ili ijitangaze kuwa kubwa. Ikijaa, inaendelea kupokea na kutupa. Siwezi kumrudishia mtu siku ya harusi yake. Nilirudisha pesa, na mpaka sasa nikikutana na yule bwana barabarani moyo unashtuka.

Tangu hapo, hakuna kadi inayoingia kwenye kamera yangu kabla ya kupimwa. Iko programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw; wenye Linux au Mac wanatumia F3. Inaijaza kadi nzima kisha inasoma tena ilichoandika, na kama ni ya uongo inakwambia uwezo wake wa kweli. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, kwa hiyo ianze umeme ukiwa upo. Na mimi nimeacha kununua kubwa: bora kadi mbili za GB 32 kuliko moja ya 64. Moja ya kanisani, nyingine ya ukumbini.

Betri sitazisemea sana. Umeme ukikatika siku mbili, mwenye betri moja amefunga kazi. Ziwe mbili angalau, tatu ukiweza.

Vumbi ndilo adui halisi. Vumbi letu la kiangazi ni la volkano, lina chembe za kioo ndani yake. Ukifuta lenzi kwa pindo la shati, unasugua kioo kwa kioo. Pulizia kwanza kwa kile kipira cha mkononi, tumia brashi laini, na kitambaa kije mwisho. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Kubadili lenzi: zima kamera, geukia mbali na upepo, mdomo wa bodi uangalie chini. Ukipanda moto, yaani pikipiki, mkoba ukae kifuani na zipu imefungwa, hata kama ni safari ya kutoka Birere hadi Himbi tu. Wapo wapiga picha wakubwa wanaosema filta ya mbele ni kupoteza pesa na inapunguza ubora. Huko kwao sawa. Hapa ninaiacha mbele ya lenzi mwaka mzima, na ninahesabu mikwaruzo iliyo juu yake kama mikwaruzo ambayo lenzi haikupata.

Masika nayo huleta kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Vile vipakiti vyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya usivitupe, vitie kwenye mkoba. Mchele usiweke, una unga. Na kwa mvua ya ghafla mfuko wa plastiki unatosha, ila ukivuka kwenda Gisenyi uuache upande huu: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na sijui aibu kubwa kuliko kuzuiliwa mpakani kwa ajili ya mfuko. Hapohapo mpakani, na popote penye watu wenye silaha, kamera ikae ndani ya mkoba. Hakuna picha ya huko inayostahili matata yanayoweza kukufuata.

Tukafika kwenye bodi yenyewe. Ya mtumba, nilimwambia, lakini ikaguliwe mchana. Elekeza kwenye anga jeupe, funga tundu hadi 16, piga, kisha kuza picha: madoa yote ya kwenye sensa yatajionyesha. Mulika lenzi kwa tochi ya simu upande mmoja, tazama upande wa pili kama kuna nyuzi za kuvu. Uliza shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila upigapo picha, imefyatuka mara ngapi. Zipo programu zinazosoma hesabu hiyo kwa baadhi ya kamera. Bodi nyingi za kati zimepimwa kwa mifyatuko laki moja hivi, 5D Mark II laki na nusu. Iliyokwisha kupita hapo si lazima ife kesho, ila bei yake lazima ishuke.

Aliachana na boksi la dukani. Wiki tatu baadaye alikuja na bodi ya Canon iliyochubuka pembe, lenzi ya 50, kadi mbili alizozipima mwenyewe kwenye kompyuta ya rafiki yake, betri ya akiba na kipira cha kupulizia. Tripodi hakuwa nayo, na hakuiulizia. Alinionyesha picha ya bibi yake, ameketi ndani ya nyumba ya mbao karibu na mlango, mwanga wote unatoka nje na kuangukia mikono yake iliyokuwa ikichambua maharage. Nyuma yake kweusi. Kila kunyanzi la kidole linaonekana.

Nikamuuliza kile cheupe kinachong'aa chini ya kidevu cha bibi kimetoka wapi, maana sakafu ya pale ni ya jiwe. Akasema alitandaza shuka la mama yake.